Kucheza na mbwa kunamharibu? Tutenganishe mchezo na uchokozi

Hapa Mombasa kuna maneno mawili kuhusu mbwa ambayo utayasikia siku moja, pengine kwa mtu yule yule. La kwanza, usicheze na mbwa wako manake atalegea, mwizi akija usiku atamtikisia mkia. La pili, usicheze na mbwa wako manake atakuzoea, atakuvunjia heshima na siku moja akugeuke. Sasa mbwa ni mmoja, mchezo ni ule ule, halafu ati unamfanya mpole kupita kiasi na mkali kupita kiasi kwa pamoja? Na kila klipu ya mbwa aliyeuma mtoto ikizunguka WhatsApp mabishano yanaanza upya, kama ilivyokuwa zile habari za England na Wales walipopiga marufuku mbwa wa aina ya XL Bully, ikawa kosa kuwa naye bila kibali maalum kuanzia 1 Februari 2024. Huyu anasema ni mbegu, yule anasema ni mwenye mbwa, mwingine anasema ni vile alivyochezewa akiwa mdogo.

Naandika haya kwa sababu mbwa wengi mitaani kwetu wanateseka kwa kutoeleweka jambo hili, na watoto wanaumwa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa ufupi ni hivi: mchezo wenyewe haumfanyi mbwa kuwa mkali wala mpole, kinachomjenga ni kile anachojifunza kuhusu mikono ya binadamu wakati wa huo mchezo. Ngoja tuende polepole, tuanze na maneno matatu: hulka, mchezo na uchokozi.

Tukisema hulka ya mbwa twamaanisha vile alivyo kwa ndani, mwoga au jasiri, mwepesi wa hasira au mtulivu, anayependa wageni au asiyewataka. Sehemu ya hayo anazaliwa nayo, anatoa kwa mamake na babake, hilo halibishiwi. Lakini sehemu nyingine inajengwa, na inajengwa mapema sana. Watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walikaa miaka mingi pale Bar Harbor, Maine, wakilea na kuchunguza watoto wa mbwa, na kwenye matokeo waliyochapisha 1965 walionyesha kwamba kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 12 kuna dirisha ambalo mtoto wa mbwa anajifunza nani wa kumzoea na nani wa kumwogopa. Akikosa kuguswa na kuchezewa vizuri na watu kipindi hicho, baadaye ni kazi ngumu kumrudisha. Sasa fikiria sisi tunavyofanya, mtoto wa mbwa anatolewa kwa mamake akiwa na mwezi mmoja, anabebwa kwenye boksi mpaka Kisauni, anafungwa mnyororo nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji, na mtu anayemwona ni yule anayemtupia ugali jioni. Zile wiki zote zinapita hivo. Halafu akifika mwaka mmoja twasema huyu ni mkali tangu azaliwe.

Neno la pili ni mchezo. Mchezo wa kweli una alama zake na mbwa wanazijua kabla ya sisi kuwafunza chochote. Mbwa akitaka kucheza anainamisha mikono ya mbele mpaka viwiko viguse chini, makalio yanabaki juu, mdomo uko wazi umelegea. Marc Bekoff, mtafiti wa Marekani aliyechunguza jambo hili sana, alionyesha kwamba mbwa hutumia kuinama huko hasa pale anapokaribia kufanya kitu kinachoweza kueleweka vibaya, kama kung'ata na kutikisa kichwa, yani anamwambia mwenzake haya nifanyayo ni mchezo. Alafu kuna jambo zuri zaidi, mbwa mkubwa akicheza na mdogo anajipunguzia nguvu, anajilaza chini kwa hiari, wanabadilishana zamu ya kukimbiza na kukimbizwa. Ni kama wale vijana wa mpira wa mchangani pale ufukweni, wanasukumana wanapigiana kelele mpaka mgeni adhani ni vita, lakini mmoja akiumia mpira unasimama, na asiyetaka kucheza anaondoka hakuna anayemshika.

Uchokozi sasa ni kitu kingine kabisa hata kama kwa mbali unafanana na mchezo. Ni pale upande mmoja unafurahi na upande mwingine hauna pa kutokea.

Kuna geti moja huku Bamburi, la mabati, chini lina uwazi wa kama shubiri moja. Watoto wakitoka shule saa kumi wanapita hapo na fimbo, wanaikwaruza ile mabati kutoka mwanzo mpaka mwisho, mbwa anatoka mbio, pua inachomoza pale chini, mmoja anaisogezea ndala halafu anaivuta haraka, wote wanacheka wanakimbia. Mzee wa duka la upande wa pili akawakemea, wakamjibu kwa adabu kabisa, "Ami, sisi twacheza naye tu, mwenyewe apenda." Na ukitazama kwa mbali utadhani kweli apenda, manake kila siku saa hiyo yuko pale na mkia unatikisika. Mtazame karibu lakini. Mdomo umebanwa, masikio yamelala nyuma, manyoya ya mgongoni yamesimama, mkia uko juu umekakamaa, kinachotikisika ni ncha tu na haraka haraka. Watoto wakishaondoka hatulii, anazunguka pale getini muda mrefu akihema na kunusa.

Hapa ndo watu wengi wanakosea. Mkia kutikisika maana yake mbwa amepandwa na jambo, si lazima iwe furaha. Mkia wa furaha unatikisika pamoja na kiuno, mwili mzima umelegea. Mkia wa juu uliokaza ni onyo.

Na yule mbwa wa geti anajifunza nini kila siku saa kumi? Mambo mawili. Kwanza, sauti za watoto na nyayo zao ni mwanzo wa kusumbuliwa. Pili, na hili ndo la hatari zaidi, anabweka kwa hasira halafu wanaondoka, kila siku anabweka na kila siku wanaondoka, kwa hesabu yake mbinu inafanya kazi. Hajui kwamba walikuwa wanaenda nyumbani hata hivo. Siku geti likisahauliwa wazi, atakayeumwa huenda asiwe yule wa ndala, atakuwa mtoto mwingine anayetoka madrasa na juzuu yake mkononi, hajawahi kumtupia mbwa hata kijiwe. Watu watasema mbwa ameshikwa na wazimu ghafla. Hapana, amefunzwa miezi mingi, tena kwa ratiba.

Hiyo tofauti ya mchezo na uchokozi imepimwa mpaka ndani ya mwili wa mbwa. Watafiti wa Hungaria, Zsuzsánna Horváth na wenzake, kwenye utafiti uliochapishwa 2008 walichukua mbwa wa polisi na mbwa wa walinzi wa mpaka, wakapima kwenye mate yao homoni inayoitwa kotiso, ile inayopanda mwili ukiwa kwenye presha, kabla na baada ya mbwa kucheza na askari wake. Mchezo ulikuwa mfupi, wa kuvutana kitu. Mbwa wa polisi kotiso ilipanda, mbwa wa mpakani ilishuka. Kwa nini, na wote wamecheza? Walipoangalia video wakaona askari polisi wakati wa kucheza walikuwa wanatoa amri, wanakaripia, wanamdhibiti mbwa, na wale wa mpakani walikuwa wanacheza kweli, wanampapasa, wanamsifu. Kwa hivyo mtu anaweza kukwambia mimi hucheza na mbwa wangu kila siku na akawa anasema kweli, kumbe kila siku anampandisha presha. Ukitaka kujua mbwa amechezewaje uliza mtu alifanya nini na mikono yake na sauti yake, muda wa mchezo peke yake hautakwambia.

Tuje kwenye yale yanayosemwa mitaani. Kuna hili la kamba, kwamba ukivutana na mbwa kamba au kitambaa halafu ukamwacha ashinde, atajiona yeye ndo mkubwa wa nyumba. Nicola Rooney na John Bradshaw wa Uingereza walilipima hili waziwazi, wakachapisha 2002. Walichukua mbwa 14 wa aina ya Golden Retriever, kila mmoja akavutana na mtafiti, mara 20 mbwa akiachwa ashinde na mara 20 akishindwa. Hakuna mbwa aliyeanza kujifanya mkubwa kwa sababu ya kushinda. Kilichobadilika ni kwamba wale wenye kupenda mchezo zaidi, wakishinda, walizidi kumfuata mtu wakitaka kuendelea kucheza. Basi. Wenyewe lakini walitahadharisha kwamba mbwa ambaye tayari ana tatizo la ukali kwa watu asipimwe kwa kipimo hicho, na mimi nakubaliana nao, mbwa anayekoromea watu akishika kitu usianze kuvutana naye.

Hii hofu ya mbwa kujiona mkubwa ilitoka wapi? Ilitoka kwa mbwa mwitu, wale Wazungu wanaowaita wolf, na hata huko ilieleweka vibaya. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswizi, akaona wanagombana sana kuhusu nani mkubwa. Wazo likaenea kwamba kila kundi lina dume linalotawala kwa mabavu. Baadaye David Mech, Mmarekani ambaye mwenyewe alichangia kulieneza, alikaa na mbwa mwitu huru porini na mwaka 1999 akaeleza kwamba kundi la kawaida ni familia tu, baba, mama na watoto wao, wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Lakini lile wazo la zamani halijafa, mpaka leo utamkuta mtu Nyali anamlaza mbwa chali kwa nguvu na kumkalia ati amwonyeshe nani bosi, na anakiita mchezo.

Hiyo ni hatari, na tena ni hatari kwake yeye mwenyewe. Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwauliza watu waliopeleka mbwa wenye matatizo kliniki wamejaribu mbinu gani nyumbani na mbwa akajibu vipi, wakachapisha 2009. Kati ya waliompiga au kumpiga teke mbwa, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Waliomlaza chali kwa nguvu, asilimia 31. Waliomkazia macho, asilimia 30. Hawa walikuwa mbwa wa kliniki, si kila mbwa wa mtaani, lakini njia inayoonekana ni ile ile: mbwa akiona anashambuliwa anajitetea.

Sasa hili la ulinzi, ambalo najua ndo linawauma wengi, manake huku kwetu mbwa wengi wanafugwa kwa ajili ya wezi. Watu wanaamini mbwa wa ulinzi asiguswe, asiitwe kwa upendo, afungiwe bandani mchana kutwa, wengine mpaka wanamlisha pilipili awe na hasira. Pilipili inamuunguza mdomo na tumbo, kazi yake inaishia hapo. Mbwa kubwekea mtu asiyemjua anayeruka ukuta saa nane usiku hakuhitaji achukie watu, ni kitu mbwa wengi wanafanya wenyewe, na kelele hiyo ndo inayomfukuza mwizi na kumwamsha soja. Mbwa aliyenyimwa mchezo na kuongezewa hofu haongezi ulinzi, anapoteza uwezo wa kuchagua. Anamuuma kijana wa kuleta gesi, anamuuma mama wa kufua, anamuuma shangazi aliyekuja kutoka Malindi kwa arusi.

Na kama unadhani mbwa wa kazi haguswi kwa mchezo, fikiria wale mbwa wa kunusa wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wanaofanya kazi bandarini Kilindini kutafuta pembe za ndovu kwenye makontena. Mbwa wa kazi kama hiyo anafunzwa kwa mchezo. Hajui pembe ni nini wala sheria inasema nini, anachojua ni kwamba akiipata hiyo harufu na akakaa chini pale pale, askari anayemwongoza atatoa mpira au kitu cha kuvutana na watacheza. Kwa ajili ya ule mpira atanusa makontena juani mpaka umhurumie. Anafanya kazi nzito kuliko mbwa yeyote wa geti, na mshahara wake ni mchezo.

Kuna ndugu zangu wengi hapa Pwani wataniuliza, na najisi je? Ni swali la haki kabisa. Kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi huku wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi, chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo liheshimiwe. Lakini dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda, Suratul Maida aya ya 4 inataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa, na hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu akasamehewa madhambi yake kila mtoto wa madrasa anaijua. Kucheza hakuhitaji akurambe. Rusha mpira mbali aufuate, funga kitambaa kwenye ncha ya kamba ndefu umkokotee chini akikimbize, mfichie chakula chake kwenye vifuu vya nazi uani avitafute. Nguo yako kavu na mate yake huko kwenye mpira, na mbwa amepata anachohitaji.

Kwa mtoto wa mbwa, jambo la kwanza la kumfunza ni meno. Yale meno ya utotoni ni makali kama nini, na akiwa na ndugu zake akimng'ata mwenziwe sana yule analia na mchezo unakatika, ndo anajua kipimo. Akija kwako hana tena ndugu, kwa hivyo wewe ndo utampa kipimo. Tatizo ni vile tunavyofanya. Mama anapita na leso, kadogo kanarukia pindo la leso na kuvuta, mama anapiga kelele na kukimbia, leso inapepea, na kwa mtoto wa mbwa hapo mchezo umenoga zaidi kuliko yote aliyowahi kuona, kesho atamngoja mlangoni. Ama vijana wanamchezea kwa vidole, wanampiga piga mashavuni mpaka apandwe ang'ate, wanacheka, anaona mkono wa mtu ni kitu cha kung'atwa. Miezi minane baadaye ana taya za mbwa mkubwa na somo ni lile lile. Akishika leso simama tuli, usivute, mpe badala yake kipande cha shuka kuukuu kilichosokotwa, acheze na hicho. Aking'ata ngozi, nyamaza, simama, ondoka kidogo, mchezo umeisha. Rudi baada ya muda. Hakuna kofi linalohitajika, na kila mtu wa nyumbani lazima afanye vile vile, si baba anakataza na kaka anamchochea jioni.

Kukimbizana, watoto wadogo wasikimbizwe na mbwa hata kama wote wanafurahi, mtoto huanguka na kulia na mbwa aliyepandwa hajui afanye nini. Leza na tochi ya simu ukutani pia achana nazo, mbwa anakimbiza kitu asichoweza kukishika kamwe, na wako wanaobaki siku nzima wakifukuza vivuli. Joto letu nalo ulifikirie. Mbwa anapoza mwili kwa kuhema, jasho analo kidogo tu kwenye nyayo, kwa hivyo mchezo uwe asubuhi mapema au baada ya alasiri jua likishalegea, na weka mgongo wa mkono wako kwenye kabro au lami kwanza, ukishindwa kuuacha hapo basi nyayo zake pia zinaungua.

Na kila dakika chache jaribu kusimama. Acha kila kitu, mikono chini. Mbwa aliyekuwa anacheza kweli atarudi kwako mwenyewe, atainama, atakuletea kamba. Aliyekuwa anavumilia tu ataondoka, atajikung'uta mwili kama aliyetoka majini, ataramba pua na kutazama pembeni. Kipimo hiki hata mtoto wa miaka kumi anaweza kufunzwa, na ningependa kila nyumba yenye mbwa wafunzwe.

Mbwa ambaye ameshachokozwa muda mrefu anaweza kurudi, si wote na si haraka. Kwanza chanzo kikatwe, ule uwazi wa chini ya geti uzibwe kwa ubao, ahamishiwe upande wa nyuma saa ya watoto kutoka shule, na wale watoto waelezwe kwa upole, wengi hawajui kabisa. Halafu mtu mmoja aanze naye mchezo wa mbali wa mpira na chakula, bila kumgusa, mpaka yeye mwenyewe asogee. Kama ameshauma mtu usifanye majaribio, tafuta daktari wa mifugo amtazame, pengine ana maumivu ambayo hayajaonekana.

Na mtu akiumwa au akikwaruzwa na meno, hata kama ni wakati wa mchezo na hata kama ni mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano za kichaa cha mbwa. Msipake mafuta ya taa wala tumbaku wala dawa nyingine ya kuambiwa. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini sindano zikianza mapema zinazuia kabisa. Mbwa wenyewe wachanjwe kila mwaka, pamoja na yule wa mnyororo nyuma ya nyumba.